Kwa Nini Nilimjibu Mama Yake Jignesh

Ndiyo, vijana wangu, ni kweli. Nilichoma watu. Sikuwachoma wakiwa hai, Mungu anisitiri, lakini niliwachoma, na ndiyo kazi iliyonilisha Amerika mpaka kichwa kikajaa mvi. Mwenye anataka kuhama hii barza ahame sasa, chai yake nitainywa mimi.

Najua yanayosemwa sokoni. Tangu nilipomwambia Mama Zena kwamba mtoto wake hakufa kwa homa, bali shimo la dhahabu la Salamabila lilimwangukia, kuna wanaosema: "Yule muzee alizoea kuchoma watu kule kwa Wazungu, hana haya tena mbele ya maiti." Mwenye shimo, yule mnayemwita PDG, alimleta kijana kwa pikipiki akiwa amefungwa shuka, akasema ni homa. Tuliomwosha tulimwaga maji, tukaona mbavu zilizovunjika. Wenzangu walinyamaza, na kwa sheria ya waoshaji walikuwa na haki ya kunyamaza. Mimi nilitoka nje nikamwambia mama. Leo nataka mjue nilitoa wapi tabia hiyo. Kama ni tabia mbaya, mtaniambia nikimaliza.

Baba yangu alikuwa mwosha maiti hapahapa Kasongo. Alinifundisha nikiwa bado sijaota ndevu: maji yawe vuguvugu, anza kulia, tumbo libonyeze taratibu kama unamwamsha mtu usiyetaka akasirike. Na jambo kubwa kuliko yote: ulichokiona kwenye ubao wa kuoshea kinabaki kwenye ubao. Kidonda, ugonjwa, kovu, hata tabasamu lisilo la kawaida, usikitoe nje. Baba alikufa na siri za nusu ya mji huu.

Mimi niliacha njia yake, nikaenda Wamaza kuuza chumvi na sabuni. Vita vikanikuta huko. Tulikimbia na mke wangu na watoto mpaka kambini, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, tukakaa miaka mingi tukingojea majina yetu yaitwe. Siku yalipoitwa tukajikuta Houston. Huo si mji, ni nchi iliyomwagiwa lami. Unaweza kupanda basi asubuhi, ukashuka umechoka kama mtu aliyetoka Nyangwe kwa miguu, na bado uko Houston.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa dukani, kupanga bidhaa na kusimama mlangoni. Walinifundisha maneno ya Kiingereza ya kumwambia kila mteja anayetoka: asante, karibu tena. Niliyasema mchana kutwa mpaka nikayasema usingizini, mke wangu akanipiga kiwiko. Halafu jirani akaniambia kuna nyumba moja kubwa yenye maua mengi, inatafuta mtu wa usafi, na kule hakuna mtu wa kukupigia kelele. Nikaenda. Kweli hakukuwa na mtu wa kupiga kelele. Mazulia mazito, muziki wa chini, maua kila kona. Siku za kwanza nilifagia vyumba vya mbele tu, nikamwambia mke wangu, "Hawa watu ni matajiri wa heshima sana, wanakuja wamevaa nyeusi na wanaongea polepole."

Siku moja nikafungua mlango wa nyuma.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, Mwamerika mweusi, mrefu, mwenye miwani minene kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Huyo ni Mama Loreta. Alisimama mbele ya masini kubwa kama kontena, yenye kijidirisha kidogo mlangoni, na ndani ya kijidirisha ilikuwa rangi ya chungwa tupu.

"Hii ni masini ya nini?" nikamwuliza.

"Chungulia."

Nilichungulia. Sitawaambia nilichokiona. Nilikimbia mpaka uani, nikakaa chini kati ya ndoo za maua, nikasoma kila aya niliyoikumbuka na nusu ya zile nilizozisahau. Mama Loreta akanifuata na kikombe cha maji.

"Kwenu mnafanyaje?"

"Tunazika!"

"Basi kazike. Mimi nina wawili wananingoja."

Sikuondoka, kwa sababu watoto walikuwa wanakula. Nilimwendea sheikh mmoja wa kule, nikamweleza. Aliniuliza nina watoto wangapi, akaniambia niendelee huku nikitafuta kazi nyingine. Nilimtii. Niliendelea kutafuta mpaka nikastaafu, nikarudi hapa Kasongo.

Mama Loreta ndiye aliyenifundisha. Tanuru si moto wa jikoni, vijana. Unalipasha kwanza, unasikiliza. Likilia kama upepo kwenye mabati, tayari. Likikohoa, ngoja. Kila maiti anapewa kibati cha chuma chenye namba, na kibati hicho kinaingia naye motoni na kutoka naye kwenye majivu, ili mama wa mtu asipewe mtoto wa mwingine. Unakisoma kwa sauti, mwenzako anakisoma kwa sauti, halafu unakisoma tena. Na unapapasa kifua, upande wa kushoto chini ya bega, kwa sababu wazee wengi wa kule wamewekewa kijimasini cha kuusukuma moyo, nacho kikibaki ndani kinalipuka kama guruneti. Kabla yangu kuna mmoja alisahau kupapasa. Mlango wa tanuru ulikuwa bado na kovu.

Sasa, Waamerika wengi wanamwacha maiti wao mbele kwenye mazulia, wanakwenda nyumbani, wanarudi kuchukua majivu. Kwenye tanuru hawafiki. Waliofika kwenye tanuru ni Wahindi. Ndipo nilipowajua. Nilikuwa nikisikia tu habari zao kutoka kwa babu, kwamba zamani hapa Kasongo Wahindi walikuwa na maduka ya vitambaa, wakaondoka. Kumbe wengine wamejaa Houston. Wana maduka ambamo sisi Wakongomani tulinunua mihogo, bamia na pilipili. Wana moteli, wana stasyo za esansi za kuwekea magari mafuta, ni madaktari, ni mainjinia, ni madereva wa kamyo. Wana wazazi wazee walioletwa kutoka kijijini, wanaokaa ndani siku nzima wakitazama dirishani barabara isiyopita mtu kwa miguu.

Mtu wao akifa, wanakuja wote. Wanamwosha wenyewe, wanamvika, wanamwekea mchele, maua na samli. Halafu wanamsindikiza mpaka mlango wa moto, na mtoto wa kiume mkubwa ndiye anayebonyeza kitufe. Mara ya kwanza nilipomwona mtu mzima, mwenye tai na saa ya dhahabu, akinyoosha kidole kumchoma baba yake, nilirudi nyuma mpaka ukutani. Nilifikiri ni ukatili. Halafu nikamwona anavyokishika kile kidole baada ya kubonyeza, kama kimeungua, nikatazama chini.

Vichekesho navyo havikukosa. Kuna familia moja iliweka nazi ndani ya sanduku bila kutuambia. Tulikuwa tumesimama kimya, kuhani wao anasoma, mara ndani ya tanuru: puu! Mimi niliyekimbia vita Wamaza nilikuwa tayari nimelala kifudifudi, mikono kichwani, kabla mwangwi haujaisha. Nilipoinua uso, wazee wa Kihindi walikuwa wananitazama kwa huruma, nafikiri walidhani namlilia sana marehemu. Na siku yangu ya kwanza kufungulia wafiwa mlango wakati wa kutoka, ulimi ulikwenda wenyewe. Bibi mmoja mjane alipopita mbele yangu nikainama, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha dukani: "Asante, karibu tena." Bibi akasimama. Akanitazama. Akasema, "Nitakuja, mwanangu, lakini si wiki hii." Mama Loreta aliingia chumba cha majivu akacheka mpaka akavua miwani.

Sasa niwaambie habari ya Jignesh.

Karibu na nyumba tulimokaa kulikuwa na stasyo ya esansi yenye kiduka ndani. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita kununua chai. Kijana aliyekaa kwenye kaunta alikuwa Mhindi mwembamba, mwenye meno mazuri, na siku ya kwanza aliniita "kaka". Nilishtuka, nikafikiri anajua Kiswahili, nikamjibu kwa Kiswahili kirefu. Alicheka. Kumbe kwao kaka ni baba mdogo. Na chai ni chai, na duka ni dukan. Tangu siku hiyo tulikuwa tunatafutana maneno. Yeye alikuwa Jignesh, kila mtu alimwita Jigu. Alinifanyia chai mwenyewe nyuma ya kaunta, ya tangawizi, kwa sababu alisema ile ya masini ni maji ya kuoshea soksi.

Kila asubuhi saa hiyo alikuwa anazungumza na mama yake kwa telefoni, kwa sababu kwao ilikuwa jioni. Telefoni ilisimama kwenye boksi la pipi, mama yuko kwenye kioo anachagua mboga, na Jigu anahudumia wateja huku anamjibu. Mara nyingine aliniinulia telefoni: "Ba, huyu ni kaka kutoka Afrika." Ba ni mama. Mama anapungia mkono, mimi napungia.

Aliniuliza nafanya kazi gani. Nilimwambia nafanya nyumba ya maua.

Siku ile nilichelewa, sikupita kununua chai; nilifika kazini, nikavaa glavu, nikaingia chumba cha kuoshea. Mama Loreta akasema kuna kijana ametoka kwa daktari wa serikali, ni wa Kihindi, hana ndugu hapa, wenzake wanakuja kumwosha na wameomba mtu wa kuwasaidia. Nikashika kibati, nikasoma namba kwa sauti. Nikafunua uso.

Vijana, mimi nimeona vita. Nimeona mto ukipeleka watu. Lakini nilisimama pale na shuka mkononi, na kitu pekee kilichonijia ni kwamba jana alinifanyia chai. Nilimwambia, kwa sauti, kama mwenda wazimu: "Jigu, kaka yuko hapa." Mama Loreta alinitoa shuka mkononi, akanikalisha.

Majambazi walikuwa wameingia mchana kweupe. Hakuna aliyejua kama aliwabishia au alichelewa tu kuinua mikono. Risasi moja, hapa, chini ya titi la kushoto.

Mmoja wa waliokuja kumwosha alikuwa Bhavesh, aliyekuwa akimpokea zamu pale kaunta. Hakujua aanzie wapi. Basi nikaanza mimi, kulia, kwa maji vuguvugu. Sikumwuliza sheikh. Tulimvika shati refu jeupe la kwao, lililofunika kila kitu. Bhavesh akaniambia polepole, "Mama yake hajui kama ni risasi. Kule kijijini wote wamekubaliana kumwambia moyo ulisimama. Ni mgonjwa wa presha. Tafadhali, kaka."

Nikamwambia, "Kwetu anayeosha hasemi."

Siku ya kumchoma, nilifungua mlango nikadhani watu wamekosea mahali. Chumba cha tanuru ni kidogo, lakini waliingia, wakajaza korido, wakajaza uani mpaka kwenye ndoo za maua. Wanawake wa sari nyeupe, wanafunzi, wazee wenye moteli, vijana wa stasyo nyingine wakiwa bado wamevaa mashati ya kazi. Nilimwuliza Bhavesh, "Hawa wote ni ndugu?"

"Wengi hawakumjua."

"Sasa wamekuja kwa nini?"

Alinitazama kama hajaelewa swali. "Atachomwaje peke yake?"

Ilibidi abebe sanduku na wenzake, akanipa telefoni niishike. Mama alikuwa mle ndani, kwenye kioo. Kwao jua lilikuwa limeshazama, taa moja nyuma yake, wanawake wamemzunguka. Nilimwelekezea sanduku ili aone. Hakulia. Alitazama tu, bila kupepesa.

Kuhani alisoma, akamaliza, akauliza nani atawasha. Mtu mmoja mnene, mwenye suti, akatoka mbele. Ni Bwana Pravin, mwenye stasyo. Ndiye aliyemtoa Jigu kijijini, alimlaza nyumbani kwake, alimpa kazi. "Mimi," akasema. "Hana baba hapa, mimi ndiye baba."

Bhavesh akasimama kati yake na kitufe. "Wewe hapana."

Sikuelewa lugha yao, lakini kijana mmoja kando yangu alikuwa ananitafsiria, na hata bila yeye ningeelewa. Kuhani aliinua mkono, hakuna aliyemwona.

"Tulikuomba kioo kinene pale kaunta," alisema Bhavesh. "Mimi na yeye. Mara ngapi? Ukasema kioo kinafukuza wateja."

"Si mahali pake hapa, Bhavesh. Mimi nilimpa chakula mezani kwangu."

"Na risasi akaila kwenye dirisha la kaunta yako!"

Neno lilipotoka, watu wote waligeukia telefoni mkononi mwangu. Hata tanuru nililisikia. Nilitaka kuishika vizuri, kidole kikagusa kitu kwenye telefoni, picha ikageuka. Mama alikuwa haoni sanduku tena. Alikuwa ananiona mimi.

Akasema jambo. Hakuna aliyetafsiri. Akalirudia. Kijana kando yangu akasema, "Anauliza wewe ni nani. Anasema anakufahamu, wewe ni kaka wa Afrika."

"Mwambie ndiyo."

"Anauliza unafanya nini hapo."

Hapo ndipo uongo wangu wa maua ulipokwisha. "Mwambie nafanya kazi hapa. Mimi ndiye niliyemwosha."

Mama alisogeza uso karibu mpaka nikaona macho peke yake. Bwana Pravin alikuwa amekwisha kuja, anataka kuichukua telefoni, anasema, "Ba, mtandao ni mbaya, nitakupigia." Mama hakumsikiliza. Aliniuliza swali fupi.

Kijana hakutafsiri. Nikamwuliza, "Amesema nini?"

"Anauliza... ulipomwosha, kulikuwa na tundu?"

Patron wetu, mwenye ile nyumba ya maua, Mzungu wa sauti ya upole, alikuwa mlangoni. Alitikisa kichwa kunionya. Bhavesh, yeye mwenyewe aliyelitoa neno, alinitazama kwa macho ya kuomba. Watu wote wale, wema wote ule, walitaka ninyamaze. Na baba yangu naye, kaburini hapa Kasongo, alitaka ninyamaze.

Lakini yule mama hakuwa akiuliza siri ya maiti. Alikuwa akiuliza habari ya mtoto wake, na alimchagua mtu pekee mle ndani ambaye hakuwa wa upande wowote. Ningesema hapana, angebaki na hapana hiyo na lile neno alilolisikia, viwili hivyo vikipigana kichwani mwake mpaka afe.

"Ndiyo, mama," nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilinikimbia. "Moja." Nikaweka mkono kwenye kifua changu, pale pale, chini ya titi.

Hilo halikuhitaji mkalimani.

Uso ukaondoka kwenye kioo. Tuliona ukuta, taa na kalenda yenye picha ya mungu wao. Tulisikia sauti, na sitaki kuiita kilio. Ilikuwa kama mtu anayetua mzigo kichwani bila msaada. Nilifikiri nimemwua. Mwanamke mmoja wa sari aliniambia maneno ambayo kijana alikataa kunitafsiria. Bwana Pravin alikuwa ameegemea ukuta. Tulisimama hivyo, mimi nimeinua ule ukuta na ile kalenda mkononi kama mjinga.

Halafu akarudi. Alikuwa amenawa uso, maji yanadondoka kidevuni.

"Pravin," akasema. Nikageuza telefoni nimwonyeshe.

"Ndiyo, Ba."

"Uliposimama uwanjani kwangu ulisema utakuwa baba yake huko."

"Ndiyo, Ba."

"Basi baba amefiwa. Washa."

Bhavesh akapiga kelele, "Ba, hapana! Si yeye!" Na wengi walimwunga mkono, vijana wa mashati ya kazi, hata wazee. Mama aliwangoja wanyamaze. Alipoongea, hakuinua sauti hata kidogo.

"Bhavesh, mwanangu, wewe utalia, halafu utaoa, utapata watoto, na ni sawa. Huyu mwenye kuwasha hatakwenda popote."

Baadaye ndipo nilipoelezwa. Kwao anayewasha moto ndiye anayebeba kazi zote za mtoto. Ananyoa kichwa, analala chini, hali hiki wala kile siku zote za matanga. Kila mwaka anamkumbuka marehemu kwa ibada. Na wazazi walioachwa wanakuwa wake. Bwana Pravin alilijua hilo alipojitokeza, lakini nafikiri alijitokeza kama tajiri anavyojitokeza mbele za watu. Sasa aliitwa kwa namna nyingine. Suti yake ilikuwa imelowa mgongoni. Alitembea mpaka kwenye kitufe, akasimama hapo.

Nilisoma kibati kwa sauti. Mama Loreta akakisoma kwa sauti. Nikakisoma tena.

Bwana Pravin akabonyeza, na moto ukashika. Nilimshikia mama telefoni mpaka mlango wa chuma ulipofungwa kabisa, na yeye hakuangalia pembeni.

Patron aliniita ofisini baadaye. Alisema nimevunja kanuni ya nyumba, na kweli nilikuwa nimeivunja. Mama Loreta aliingia bila kubisha hodi, akakaa kwenye kiti cha wageni na aproni yake yenye majivu, akasema kama Assumani, yaani mimi, anaondoka basi watafute mtu wa tanuru pia, na kesho kuna watatu. Niliachwa. Lakini usiku na mchana, muda mrefu sana, nilimwona yule mama akiondoka kwenye kioo na ule ukuta unabaki. Mke wangu aliniuliza, "Kama angekufa papo hapo?" Swali hilo nalibeba mpaka leo. Kwa Mama Zena ilikuwa vilevile. Nilipokuwa natoka chumba cha kuoshea, niliogopa kuliko siku ile ya Houston.

Kwa siku kadhaa sikupita kwenye ile stasyo. Nilikunywa maji ya kuoshea soksi mahali pengine. Asubuhi moja nikajilazimisha, nikafungua mlango, na nikabaki nimeushika.

Nyuma ya kaunta alikuwa Bwana Pravin mwenyewe. Kichwa kimenyolewa, kinang'aa, kidogo kama cha mtoto. Amevaa shati la kazi lililombana tumbo. Mtu mwenye stasyo nyingi, aliyekuwa akija na gari kubwa kukagua na kuondoka, anahangaika na masini ya pesa, hajui kitufe cha kuifungua, na wateja wamepanga foleni wananung'unika. Mbele yake lile dirisha la kaunta lilikuwa wazi vilevile, halina kioo. Upande wa pili, mafundi walikuwa wanapima ukuta kwa futi.

Foleni ilipokwisha nikasogea. Alinijua. Tulitazamana, na mimi nilitaka kukimbia.

"Wanaweka kioo," akasema. "Stasyo zote. Hii ndiyo ya mwisho."

"Na wewe?"

"Mimi nakaa hapa mpaka kiwekwe. Siwezi kumweka mtoto wa mtu mwingine."

Aliniwekea chai ya masini. Nikaichukua. Nilimwuliza kama mama yule yuko hai. Alitaka kunijibu, lakini telefoni iliyosimama kwenye kaunta ikaanza kuita. Nilimwona akitazama saa ukutani, halafu akajifuta uso kwa haraka, akavuta kola ya shati ikae vizuri, akainama mbele ya kioo cha telefoni.

"Ndiyo, Ba," akasema. "Niko kwenye kaunta. Ndiyo, Ba. Nimekula."